Erwin Pyka, Mpishi wa Picha wa Zadolice

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, saa tisa alasiri, Bwana Erwin Pyka atafunga kwa mara ya mwisho mlango wa chumba cha picha cha Televisheni ya Kebo ya Zadolice. Aliufungua mara ya kwanza tarehe 2 Machi 1992. Ni miaka thelathini na miwili na karibu miezi minne, na katika muda wote huo aliugua siku kumi na moja tu. Hizo nazo ni kwa sababu alivunjika mkono kwenye ngazi zetu wenyewe, siku ya barafu ambayo msimamizi wa jengo alisahau kumwaga chumvi ya kuiyeyusha.

Uongozi umeniomba niandike kurasa chache za furaha za kumuaga, kwa ajili ya jarida letu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote: yeye chumba cha picha, mimi dirisha la matangazo, na ukuta mwembamba katikati. Bwana Erwin alipopata habari alikuja dirishani kofia mkononi, kama mteja.

"Bi Bernadeta, utaandika ya Novemba?"

"Uongozi unataka ya kuchekesha, Bwana Erwin."

"Basi andikeni ya kuchekesha, mle na keki yenu. Usipomwandika Mzee Ginter, mimi siji."

"Na Rufin je? Nimwandike bila ruhusa yake?"

"Rufin kamuulize mwenyewe. Akikataa, acheni karatasi nyeupe."

Wenyeji wa hapa wanajua tunazungumza nini. Waliohamia juzijuzi hawajui, au wameokota vipande vipande kwenye foleni ya mkate, na vipande vya foleni ya mkate ni vibaya kuliko kutojua. Kwa miaka ishirini na saba mtu huyu alikuwa akingoja neno moja kutoka kwa mtu mmoja wa mji huu. Nitaeleza kwa mpangilio, Mungu anisaidie, na ya kuchekesha nitayaweka pale yalipotokea.

Erwin alizaliwa mwaka 1959 hapa hapa Zadolice, mtoto wa tatu wa mchimba makaa ya mawe. Mwenyewe hakuchimba. Alikuwa fundi umeme juu ya ardhi, kwenye nyumba ya mashine inayowateremsha na kuwapandisha wachimbaji. Mwaka 1989 shemeji yake, aliyehamia Ujerumani, alikuja kula Krismasi akiwa na kompyuta ya nyumbani aina ya Amiga, ameiviringisha kwenye blanketi la mtoto ili walinzi wa mpaka wasiulize maswali. Kwa macho ilikuwa kibodi nene tu, rangi ya maziwa yaliyochacha, yenye tundu la disketi ubavuni. Kioo haikuwa nacho. Unaiunganisha na runinga ya sebuleni. Kwa akina Pyka runinga ilikuwa moja, na Truda, mkewe, alikuwa na tamthilia yake ya kila jioni.

"Erwin, chagua leo. Mimi au hilo sanduku."

"Truda wangu, sanduku halijui kupika nyama ya roladi."

"Basi na likufulie soksi."

Michezo iliyokuja na mashine ile aliichoka kwa wiki mbili. Akaanza kuchora. Alichora farasi wa mgodini anayetembea: picha nane, kila moja mguu umesogea kidogo, ukizipitisha haraka farasi anatembea kweli. Alimwita Truda jikoni aje aone. Truda alisimama na mwiko mkononi akalia, maana babu yake aliongoza farasi chini kule mpaka walipokufa wote wawili, babu na farasi, mwaka mmoja. Tangu siku hiyo tamthilia ikawa inasubiri.

Ushirika wa nyumba ulipoanzisha televisheni hii, tulipewa vyumba vitatu chini ya jengo namba 14, kando ya chumba cha kuanikia nguo. Mkurugenzi wa kwanza, marehemu Norbert Cichon, alikuwa na kamera moja ya kupigia harusi, na hakuwa na namna ya kuandika jina la mtu chini ya uso wake. Tulikuwa tunaandika kwa chaki kwenye ubao, kisha tunaupiga picha ubao. Erwin akaja na mashine yake kwenye mfuko wa viazi, pamoja na kisanduku kidogo kinachopachika maandishi ya kompyuta juu ya picha ya kamera. Wa kwanza kuandikwa alikuwa paroko wetu, Padri Wincenty. Alipojiona na jina lake la manjano kifuani, alisema, "Jamani, bado kofia tu niwe askofu."

Habari zilikuwa nusu saa jioni, na Misa Jumapili. Saa zote zilizobaki zilikuwa za kurasa za matangazo. Kurasa zilijigeuza zenyewe, sekunde ishirini kila moja, huku bendi ya tarumbeta ya mgodi ikipiga: maji yatakatika jengo lipi, mbwa kapotea, kabichi imefika duka gani, bibi gani katimiza miaka themanini. Watu walizitazama kurasa zile kuliko habari. Walikuwa wakiniletea vikaratasi dirishani, na mimi nikimpitishia Erwin kupitia tundu la bomba ukutani. Aliyetimiza miaka hamsini alipandishiwa maputo. Duka la maziwa lilipata ng'ombe anayekonyeza jicho. Mwenye duka la nyama alikuja kulalamika kwamba yeye hana mnyama, akapewa nguruwe anayecheka, na wake wa mji mzima wakasema nguruwe yule kafanana na mwenye duka.

Na waliofariki walipata mshumaa.

Mshumaa ule lazima niuelezee, kwa kuwa ndio uliomjengea jina na ndio uliomvunja. Erwin aliwasha mshumaa wa kweli mezani, akafungua dirisha kidogo upepo uuguse, akachora mwali wa moto kwa kipanya cha kompyuta, picha ishirini na nne. Ulikuwa unapumua. Chini yake aliweka jina la marehemu kama limechongwa kwenye jiwe, na mwanga wa mshumaa ukiangukia kila herufi. Hesabu ya mwanga huo ilifanywa na mashine yenyewe, nukta moja moja, na kwa kila jina ilichukua saa tatu na zaidi. Tuliita kupika. "Bwana Erwin yuko wapi?" "Anapika." Wajane walikuja dirishani na kuniambia, "Bi Bernadeta, tangazo la ukutani sitaki, nataka mshumaa wa Erwin." Muda haukuwa shida. Kutoka kifo mpaka mazishi kuna siku tatu, na saa tatu zinapatikana.

Kwa fahari ya ufundi wake aliifundisha mashine jambo moja zaidi. Ilikuwa na uwezo wa kuonyesha kurasa huku inapika nyingine. Basi akaipa amri kwamba ikimaliza kupika, iuingize ukurasa mpya kwenye mzunguko yenyewe. Kwa njia hiyo Erwin angeweza kwenda nyumbani kula na Truda. Wote tulimsifu. Mimi pia.

Jumanne tarehe 12 Novemba 1996, saa tatu asubuhi, gesi ililipuka mgodini kwenye kina cha mita mia saba. Watu saba hawakujulikana walipo. Mchana ofisi ya mgodi ilituletea orodha ya majina yao, tuwaombee. Mkurugenzi Norbert aliibeba orodha moja kwa moja mpaka chumba cha picha, na kwa kuwa ukuta ni mwembamba, nilisikia yote.

"Pika yote saba."

"Mtu hai hapikiwi mshumaa, Norbert."

"Nani kasema tunaonyesha? Inakaa kwenye disketi. Wakitoka wazima unaifuta, tunakunywa mimi na wewe mpaka asubuhi."

"Sipiki."

"Erwin, piga hesabu. Saba mara saa tatu na nusu. Watatangazwa kesho au keshokutwa, mji mzima utawasha runinga, na sisi tutawaonyesha nini? Nguruwe wa bucha?"

 Kisha nikasikia kiti kikivutwa na vidole vyake kwenye kibodi.

Namwombea Norbert, aliyetangulia mwaka 2011, na siandiki haya kumsema maiti. Hakuwa mtu mbaya. Aliona mji unaokuja kulia na hakutaka ukute kioo kitupu. Ila ni sisi tu, watu wa mashine zile za polepole, tungeweza kuingia katika kosa la namna hii: mkono unaochelewa ukatufanya tuanze kabla ya Mungu.

Erwin hakwenda nyumbani. Aliiondolea mashine ile amri ya kujiingizia kurasa, akapika jina moja baada ya jingine, na kila moja likiiva analihamishia kwenye disketi na kuifungia kwenye droo. Jumatano asubuhi wachimbaji watatu walipandishwa, wamekufa. Mgodi ukatangaza majina, familia zikathibitisha, Erwin akatoa mishumaa yao mitatu droo­ni na kuionyesha. Mji ulikuwa umeketi mbele ya runinga. Ukipita barabarani ulisikia tarumbeta ile ile kwenye kila dirisha, mpaka Norbert akaamuru muziki uzimwe, kurasa zikawa zinageuka kimya.

Saa saba na nusu mchana taa zilifumba na kufumbua. Mara moja tu. Mgodini walikuwa wamewasha mashine zote za kusukuma hewa. Sasa, kompyuta zile zilikuwa hazikumbuki kitu. Umeme ukikatika hata kwa pumzi moja, zinaamka kama zimezaliwa upya, zinasoma disketi yao ya kuanzia, na zinafanya kilichoandikwa humo. Erwin alikuwa ameiondoa ile amri kwenye kumbukumbu ya mashine. Kwenye disketi ilikuwa bado imo. Alikuwa na saa thelathini bila usingizi, hakukumbuka kuiondoa tena. Alirudisha kurasa, akakagua mishumaa mitatu, akaanza upya kupika jina la saba, la mwisho kwenye orodha, lililokatizwa na umeme. Jina lilikuwa Rufin Gajda, miaka ishirini na tisa.

Saa kumi na moja kasoro alinipitia dirishani. "Nakwenda Rozari. Padri kasema tuwasalie wanne waliobaki. Mashine usiiguse, inapika."

Kwenye mashine kulikuwa na kibao chake cha siku zote: USIGUSE.

Saa kumi na moja na dakika kumi simu ililia. "Bi Bernadeta, kumbe Rufin naye?" Nikasema Rufin gani, hapana, hakuna tangazo. Nikainua macho kwenye runinga yetu ya dirishani, na mshumaa ulikuwa unapumua juu ya jina lake. Ukurasa ukageuka. Maji jengo namba 9. Ratiba ya daktari wa meno. Ukaja tena.

Ningeng'oa waya ukutani. Kila mtu ananiambia hivyo, nami nimejiambia hivyo mara nyingi kuliko wao. Sikung'oa. Kibao kilisema usiguse, na mimi ni mtu wa kutii vibao. Nilikimbia kanisani bila koti. Walikuwa wanasali fumbo la tatu, Erwin amepiga magoti safu ya pili, uso kwenye viganja. Nilimshika bega.

"Rufin yuko hewani."

 Alipoinuka aliangusha benchi zima la kupigia magoti, kanisa likageuka. Tulipofika, mshumaa ulikuwa umeshazunguka mara nne.

Nyumbani kwa akina Gajda kulikuwa na Otylia, mke wa Rufin, na baba mkwe wake, Mzee Ginter, mwenye miaka sabini na moja, aliyekaa chini ya ardhi miaka thelathini na miwili. Tangu Jumanne alikataa kulala. Alikuwa kwenye kiti chake mbele ya runinga, ameshika kikombe cha kahawa iliyopoa. Otylia alinisimulia miaka mingi baadaye. Anasema jina lilipotokea yeye alipiga kelele, lakini Mzee hakupiga. Alitazama ukurasa mpaka ukapita. Ulipokuja mara ya pili alisema, "Zima, mwanangu. Tumeshajua." Otylia akaenda kuzima. Alipogeuka, Mzee Ginter alikuwa ameinamia kikombe chake. Daktari alisema moyo.

Alhamisi kabla ya saa sita mchana, waokoaji waliokuwa wakisikia bomba likigongwa walimfikia Rufin na mwenzake mmoja, wazima. Nilikuwa langoni mwa mgodi na umati. Watu walimwimbia Mungu na huku wanalia, kwa kuwa wengi pale walikuwa wanajua na yeye alikuwa hajui. Alipandishwa mweusi, macho meupe, amefungwa blanketi. La kwanza alilosema, niliposimama pale nililisikia kwa masikio yangu: "Mzee mmemwambia? Msije mkamwacha na wasiwasi."

Walikufa watano mgodini, na wa sita kitini kwake.

Norbert alitoa taarifa kwamba palitokea kosa la fundi mmoja, naye anajuta. Erwin aliisoma, akaipachika hewani kwa mkono wake mwenyewe, hakubadilisha neno. Hakumwambia mtu ni nani aliyemwamuru. Jumapili alikwenda mlangoni kwa akina Gajda. Otylia alifungua, akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Wengine huchelewa, Bwana Erwin. Wewe huwahi," alisema, akafunga.

Aliandika barua ya kuacha kazi. Padri Wincenty, ambaye naye sasa ni marehemu, aliichukua barua ile mkononi mwa Norbert akaikunja mfukoni mwake. Alimwambia Erwin, "Ukikimbia, utapumzika wewe. Baki, uwaandike wafu wao vizuri." Basi akabaki, na sidhani kama alipumzika.

Mshumaa hakuupika tena. Disketi zile alizichoma kwenye jiko la makaa la nyumba ya mama yake, zikanuka mtaa mzima. Tangu hapo marehemu wetu hupata jina jeupe kwenye weusi, bila mwali, na wazee walinung'unika miaka miwili mizima. Akaweka kanuni ambayo ninyi vijana mnaiita kanuni ya Pyka na mnaicheka: hakuna jina la marehemu linaloandikwa hata herufi moja kabla ndugu hajafika dirishani na cheti cha daktari, na kabla Erwin mwenyewe hajapiga simu nyumbani kwa wafiwa. Na hakuna ukurasa wowote, hata wa kabichi, unaojiingiza wenyewe. Tulipopata kompyuta mpya mwaka 2005, na nyingine 2017, ni yeye aliyeingiza kila ukurasa kwa mkono.

"Mzee, si unabonyeza mara moja tu, inajiendesha," Kamil wa kamera alimwambia.

"Kamil, mwanangu, mimi nimewahi kuona kinavyojiendesha."

Yapo mengine ya kumsifia, na nisipoyaandika uongozi utanikata mshahara. Mafuriko ya Julai 1997 yalipokuja alikaa siku nne chini ya jengo, maji yakiwa kifundoni, akibadilisha kurasa za kina cha mto kila baada ya robo saa, na umeme ulipokata aliunganisha mashine na betri ya lori. Kwa sikukuu ya mwaka 2000 ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, alichora maandamano yote ya mgodi, bendera na manyoya ya kofia, na kila mchimbaji aliyehudhuria alijitambua, au alidai amejitambua. Alifundisha watoto wa shule kuchora farasi wa picha nane. Wawili kati yao leo wanafanya kazi za katuni mijini, na humwandikia kila Krismasi. Aliwahi kumwandika meya "fundi cherehani" kwa kuchanganya vikaratasi viwili, na meya, ambaye suti zake zilijulikana, hakuwa na wa kumlalamikia maana mji ulimuunga mkono Erwin.

Lakini kila tarehe mosi Novemba, siku ya Watakatifu Wote, alikwenda kaburini kwa Mzee Ginter na mshumaa wa kioo chekundu, wa kweli, wa nta. Wazazi wangu wamelala safu ile ile, kwa hiyo niliona. Alikwenda mapema, kabla ya familia. Rufin alipofika aliuinua mshumaa ule, akauzima kwa vidole, akauweka njiani kwenye changarawe. Hakuuvunja wala hakuutupa. Aliuweka tu nje ya kaburi la baba yake. Mwaka uliofuata hivyo hivyo, na uliofuata. Kanisani walikuwa wakikaa pande mbili, na padri aliposema tutakiane amani, Rufin alimgeukia kila mtu. Mara ishirini na saba nimeuona mshumaa ule njiani. Nilimwambia Erwin siku moja, "Acha basi, unajiumiza." Akasema, "Siku nikiacha, atafikiri nimejisamehe."

Vumbi la makaa limemshika Rufin mapafuni. Toka mwishoni mwa Novemba iliyopita hatoki ndani, anavuta hewa kwa mpira kutoka kwenye mtungi. Na hapa lazima niungame jambo. Mnamo Desemba Otylia alikuja dirishani kutangaza anauza kabati, na mimi, baada ya kunyamaza miaka yote hiyo, nilimwambia nilichokisikia ukutani: ile amri ya Norbert, na lile "sipiki" la Erwin. Sikuombwa. Lilinitoka. Otylia alikunja kikaratasi cha kabati akaondoka bila kukiacha.

Januari alirudi. "Mwambie Bwana Erwin, Rufin anamwita. Jumanne saa nne. Na asilete kitu chochote."

Alikwenda mikono mitupu. Alisimama katikati ya sebule, Rufin yuko kwenye kiti karibu na dirisha. Haya niliyopewa na Otylia nayaandika kama alivyonipa.

"Nani alikuambia upike?" Rufin alianza hivyo, bila salamu.

"Nilipika mimi."

"Sikuulizi nani alipika. Nani alikuambia?"

"Rufin, mkono ulikuwa wangu."

"Norbert alikuambia. Bernadeta wa dirishani kasema."

"Alisema. Mara ya kwanza nilikataa. Ya pili sikukataa. Kati ya hizo mbili hakuna aliyenishika mkono."

Rufin alikohoa muda mrefu. Otylia alitaka kumrekebishia mpira, akamwondoa kwa mkono.

"Mzee angekuchapa mkanda."

"Ningesimama anichape."

"Ungesimama kweli, mjinga wewe." Akavuta hewa. "Otylia, mpe kiti. Na kahawa. Lakini siyo kwenye kikombe cha Mzee."

Tangu hapo kila Jumanne saa nne Bwana Erwin alichukua ruhusa ya saa mbili, na ndiyo sababu kurasa za Jumanne zimekuwa zikichelewa, kwa wale walioandika barua za malalamiko. Wanacheza karata za skati. Mchezo ule unataka watu watatu, kwa hiyo Otylia hucheza pia, na ndiye anayewafunga. Siku nyingine hawasemi lolote zaidi ya karata. Siku nyingine Rufin humsimulia yale masaa hamsini gizani, na Erwin husikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa ni masaa hayo hayo aliyokuwa yeye anapika.

Wiki iliyopita nilipanda ngazi mpaka kwao na rasimu hii mkononi. Nilimsomea Rufin yote, pamoja na pale langoni mwa mgodi. Alifumba macho. Nilidhani atanifukuza.

"Andika," alisema. "Ila andika kwamba sijasamehe. Sitaki kutangazwa kanisani kama mtakatifu ningali hai."

"Nitaandika."

"Andika pia kwamba Jumanne anakuja, na mlango unafunguliwa."

"Niandike unafungua kwa nini?"

Alijirekebishia mpira wa hewa. Mtungi ulikuwa unatoa ile sauti yake. "Hilo sijui, Bi Bernadeta. Nikilijua nitakuletea dirishani, kwa maandishi, kama watu wengine."

Bwana Erwin, nimeandika kama mlivyotaka wote wawili, basi Ijumaa njoo ule keki, Truda ameshaikata vipande mara mbili kichwani mwake. Televisheni hii na mji huu vinakushukuru kwa kila jina uliloliandika sawasawa, kwa kila simu uliyowapigia wafiwa wakati ungeweza kumtuma mwingine, na kwa kubaki. Mwenyezi Mungu akupe uzee wenye afya na macho ya kuona karata zako. Na kwa Rufin tunaomba pumzi, za Jumanne nyingi.

Bernadeta Kulik
Dirisha la Matangazo